Jinsi ya kusoma historia ya Wabulgaria kutoka kwenye vyanzo vyenyewe: mwongozo kamili

Wabulgaria wana historia ya zaidi ya miaka 1,300 pale Balkani, na tatizo la kuisoma ni kwamba karne za mwanzo kalamu haikuwa mikononi mwao. Aliyeandika habari zao ni Mgiriki wa Konstantinopoli aliyekuwa anapigana nao, akaja Papa wa Roma aliyewataka kwenye kanisa lake, akaja karani wa Sultani aliyewahesabu ili walipe kodi, na wao wenyewe walipokuja kuandika historia yao kwa nguvu karne ya 18 walikuwa tayari wana jambo la kuthibitisha. Kwahiyo ukigugo tu utapata stori tamu sana ya makhan na matsar (khan na tsar ni vyeo vya watawala wao) ila hutojua kipi kimetoka wapi. Mwongozo huu ni wa mtu anaetaka kwenda kwenye vyanzo vyenyewe hata kama hajui Kibulgaria na hajawahi kukanyaga Sofia, maana vingi sku hizi vinapatikana onlaini.

Hatua ya 1: Jua kwanza unamtafuta nani

Wabulgari wa kale walikuwa wapanda farasi wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, lugha yao jamii ya Kituruki. Wabulgaria wa leo wanaongea lugha ya Kislavi. Katikati hapo kuna karne mbili tatu za kuchanganyika na Waslavi waliokuwa tayari kusini mwa mto Danube, na hiyo michanganyiko ndo kila mtu anagombania. Dola ya mtawala wao Kubrat ya karne ya 7 iliposambaratishwa na Wakhazari, watu wengine wa nyika, kundi moja likaenda na kiongozi Asparuh mpaka Danube, lingine likaishia mto Volga huko Urusi ya leo.

Hapa watu wanakosea sana. Ibn Fadlan, yule mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alisafiri 921 mpaka 922 na akaandika habari za Wabulgari, ila ni wale wa VOLGA. Utakuta mtu anachukua maelezo yake anayabandika kwa wale wa Danube, wakati wa Danube walikuwa Wakristo kwa zaidi ya miaka 50 chini ya Tsar Simeon na wale wa Volga ndo kwanza wanaingia kwenye Uislamu. Ukiona chanzo kinasema Bulgar, uliza mto gani.

Na kuna chanzo kimoja kimehifadhiwa jirani yetu kabisa. Askofu Yohana wa Nikiu, Misri, karne ya 7, anamtaja mkuu wa Wahun (Huns, watu wa nyika) aliyebatizwa Konstantinopoli akiwa mtoto, mpwa wa mtu anaitwa Organa, na wasomi wengi wanasema huyo ndo Kubrat. Kitabu chake cha asili kimepotea, tafsiri ya Kiarabu nayo imepotea, kilichobaki ni tafsiri ya Kige'ez iliyofanywa Ethiopia mwaka 1602. Jina limeharibika kwa kunakiliwa nakiliwa ndo maana ubishi haujaisha, lakini tafsiri ya Kiingereza ya Charles ya 1916 iko bure mtandaoni, anza nayo kama mazoezi.

Hatua ya 2: Fungua eksel kabla hujafungua kitabu

Weka safu hizi: tukio lilitokea lini, mwandishi aliandika lini, nakala ya zamani kabisa iliyobaki ni ya lini, lugha gani, aliandika kwa ajili ya nani, na habari aliipata wapi. Hiyo ya mwisho ndo watu wanairuka na ndo inayouma.

Mfano. Kuja kwa Asparuh na kupigwa kwa jeshi la Konstantino wa 4, mfalme wa Konstantinopoli, mwaka 680 kunaelezwa na mwandishi wa Kigiriki Theophanes na pia na Patriaki Nikephoros, ukawaza basi, mashahidi wawili, kesi imekwisha. Sio hivo. Wote wawili wameandika zaidi ya miaka 100 baadae na wote wamekopi kwenye chanzo kimoja ambacho hatunacho tena. Kwahiyo una shahidi mmoja anaeongea kwa midomo miwili, na kwenye eksel yako andika mmoja.

Safu nyingine ya muhimu ni ya majina, maana Plovdiv ni Philippopolis kwa Wagiriki na Filibe kwa Waturuki, Edirne ni Adrianople ni Odrin, Ruse ni Rusçuk, na Konstantinopoli kwa Wabulgaria ni Tsarigrad. Usipojua hili unaweza soma habari ya mji mmoja kwenye vyanzo vitatu ukadhani ni miji mitatu.

Hatua ya 3: Anza na maadui, yaani Wagiriki

Chuo cha Sayansi cha Bulgaria kuanzia miaka ya 1950 kimechapa mfululizo wa vyanzo, matini ya asili na tafsiri ya Kibulgaria vikienda pamoja. Wa Kigiriki unaitwa GIBI kwa kifupi, wa Kilatini LIBI, wa Kituruki TIBI. Pidiefu zake zinazunguka mtandaoni, ukipata ukurasa unaupiga skrinshoti unaweka kwenye programu ya kutafsiri picha, Kibulgaria kwenda Kiingereza inatoka vizuri kuliko kwenda Kiswahili moja kwa moja, kwahiyo pitia huko kwanza. Kama Kiingereza hakikusumbui, Theophanes yuko kwa tafsiri ya Mango na Scott ya 1997, na Skylitzes, mwandishi wa historia wa Kigiriki wa karne ya 11, kwa tafsiri ya Wortley ya 2010.

Sasa tufanye kazi na tukio moja mpaka mwisho maana maneno matupu hayafundishi. Julai 1014 Basil wa 2, mfalme wa Konstantinopoli, aliwavunja Wabulgaria wa Tsar Samuil kwenye pito la Kleidion, akawapofua mateka, kila mia moja akawaachia kiongozi mwenye jicho moja awarudishe kwao, na Samuil alipowaona akaanguka akafa muda mfupi baadae, Oktoba 6. Stori hii utaikuta kila mahali. Mateka wangapi? Skylitzes anasema 15,000, na mwenyewe anaongeza "wanavyosema". Kekaumenos, Mgiriki mwingine, anasema 14,000. Wote wawili wameandika nusu ya pili ya karne ya 11, yaani miongo mingi baada ya tukio, na hakuna kati yao aliyekuwepo. Halafu jiulize swali la kawaida tu: kama dola ile ilipoteza wanaume 15,000 wa vita siku moja, iliendeleaje kupigana mpaka 1018? Kupofua mateka ilikuwa adhabu ya kweli ya Wabizanti (yaani hao Wagiriki wa Konstantinopoli) na kifo cha Samuil mwaka huo hakina ubishi, namba ndo ya kuwekea alama ya kuuliza. Andika kwenye eksel "namba: fununu, vyanzo 2 vya baadae", sio "namba: 15,000".

Na usiishie hapo kwa Skylitzes, kwasababu mwanzoni mwa karne ya 12 askofu mmoja, Mikaeli wa Devol, aliongezea kwenye maandishi yake majina na tarehe za mambo ya Kibulgaria alizozijua kwa kuishi huko huko. Nyongeza hizo ni dhahabu, na toleo zuri la kisasa litakuonyesha kipi ni cha Skylitzes na kipi ni cha askofu. Toleo lisiloonyesha hilo achana nalo.

Hatua ya 4: Mawe, na namna ya kusoma tarehe

Hapa ndo Wabulgari wenyewe wanaanza kuongea, ila kwa Kigiriki! Hawakuwa na maandishi yao ya kutumia rasmi kwahiyo makhan wa karne ya 8 na 9 waliandikisha mawe kwa Kigiriki, cha mtaani kabisa, sio kile cha wasomi. Maarufu ni Mpanda Farasi wa Madara, amechongwa kwenye mwamba mita 23 juu ya ardhi, UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1979. Pembeni yake maandishi yanamtaja Khan Tervel na "mfalme aliyekatwa pua", ambae ni Justinian wa 2, na habari ya Tervel kumsaidia kurudi kwenye kiti mwaka 705 tunayo pia kwa Theophanes. Huo sasa ndo ushahidi wa pande mbili. Mwamba umelika, herufi nyingi zimepotea, kwahiyo angalia usomaji wa Veselin Beševliev ambae ndo aliyeyafanyia kazi maandishi haya maisha yake, halafu zingatia mabano ya mraba: kilichomo ndani ya mabano ni alichokisia mhariri, hakipo kwenye jiwe.

Tarehe ndo zinawashinda wengi. Kuna kitu kinaitwa Orodha ya Makhan, Imennik, iliyogunduliwa 1861 kwenye miswada ya Kirusi, na nakala zake ni za karne ya 15 na 16. Inaanza na Avitohol aliyeishi miaka 300 (haya), kisha Irnik miaka 150, inasema watawala watano walitawala ng'ambo ya Danube miaka 515 wakiwa wamenyoa vichwa, na kila mmoja amewekewa maneno ya ajabu kama "dilom tvirem". Kwa muda mrefu hakuna aliyeelewa. Ufunguo ni jiwe la Khan Omurtag la Chatalar, ambalo limetoa mwaka mmoja kwa mifumo miwili: kwa Kibulgari "sigor elem", kwa Kigiriki indiktio (namba ya mwaka kwenye mzunguko wa miaka 15) ya 15, ambayo ni 821/822. Ikaonekana ni kalenda ya wanyama 12 kama ya Waturuki na Wachina.

We mwenyewe unaweza kupiga hesabu hizi kwenye simu. Indiktio: chukua mwaka (kwa Januari hadi Agosti), ongeza 3, gawa kwa 15, kinachobaki ndo jibu, kikibaki sifuri ni 15. 822 jumlisha 3 ni 825, inagawanyika sawasawa, basi 15. Mwaka wa Kibizanti unahesabiwa toka kuumbwa ulimwengu na unaanza Septemba, kwahiyo toa 5508 kwa miezi ya Januari hadi Agosti, toa 5509 kwa Septemba hadi Desemba. Nguzo ya Tsar Ivan Asen wa 2 kule Tarnovo, kanisa la Mashahidi 40, imeandikwa mwaka 6738 indiktio ya 3, toa 5508 unapata 1230, mwaka wa vita vya Klokotnitsa vilivyopiganwa Machi, na 1230 jumlisha 3 gawa kwa 15 inabaki 3. Zimekubaliana. Zisipokubaliana ujue aidha mchongaji kakosea, au mnakili, au kuna mtu anakudanganya. (Ila nguzo yenyewe inajisifu kupita kiasi, inadai hata Wafranki (Wazungu wa magharibi) waliokuwa wanatawala Konstantinopoli walikuwa wanamtii yeye. Jiwe kuwa la kweli haimaanishi kinachosemwa juu yake ni cha kweli.)

Hatua ya 5: Barua ya Papa, usiiruke

Kama una muda wa kusoma chanzo kimoja tu, soma majibu ya Papa Nikolasi wa 1 kwa Khan Boris, Novemba 866, yako 106. Boris alikuwa amebatizwa na Wagiriki muda mfupi tu nyuma, akaona ajaribu na Roma, akatuma maswali. Maswali yamepotea tumebaki na majibu, ni kama kumsikia mtu anaongea na simu, ila unaelewa karibu kila kitu: wanauliza kama kuvaa suruali ni dhambi, kama wanaweza kuendelea kubeba mkia wa farasi kama bendera vitani (hapana, bebeni msalaba), kama mtu anaweza kuwa na wake wawili, na mfalme wao anakula peke yake mezani, hata mkewe hakai nae. Maisha ya kila siku ambayo hakuna mwanahistoria wa Kigiriki aliyejisumbua kuyaandika. Na kuna jambo zito: Boris anakiri aliwaua wakuu walioasi dhidi ya ubatizo pamoja na watoto wao, Papa anamwambia kuwaua watoto wasio na hatia ni dhambi. Kitabu cha matukio cha Wafranki cha Saint-Bertin kwa mwaka huo huo kinataja wakuu 52. Linganisha vyote viwili uone vinavyoshikana.

Hatua ya 6: Vitabu vyao vya Kislavi

Baada ya wanafunzi wa Cyril na Methodius, ndugu wawili walioanzisha maandishi ya Kislavi, kupokelewa na Boris 886, Wabulgaria wakaanza kuandika kwa lugha yao. Vingi ni vya kanisa na vinachosha, sitadanganya. Viwili vya kutafuta ni andiko la mtawa Hrabar la kutetea herufi za Kislavi, na hotuba ya Padri Kozma ya karne ya 10 dhidi ya Wabogomili, kundi la Wakristo walioitwa wazushi. Kozma anawachukia, lakini katika kuwatukana anatuambia walikuwa wanawafundisha watu wasiwatii mabwana zao, na wakati huo huo anawachana mapadri wavivu na walevi wa upande wake mwenyewe. Adui akilalamikia na nyumba yake, hapo muamini.

Kwa picha, Injili ya Tsar Ivan Aleksandar ya 1355-1356 iko British Library London, michoro 366, na tafsiri ya Kibulgaria ya kitabu cha historia cha Mgiriki Manasses yenye michoro 69 iko Vatikani. Kwa Kiingereza mkusanyiko mzuri wa vyanzo vya kipindi chote hiki ni wa Kiril Petkov, 2008.

Hatua ya 7: Madaftari ya Sultani

Tarnovo ilianguka mikononi mwa Waturuki wa Osmani 1393, Vidin 1396, na toka hapo karibu miaka 500 chanzo kikubwa ni makaratasi ya Osmani. Hapa msomaji wa Kiswahili una faida kubwa kuliko Mzungu, kadhi, jizya, wakfu, daftari hayo yote hutafsiriwi.

Stori ya makaratasi yenyewe: mwaka 1931 serikali ya Uturuki iliuza shehena za nyaraka za zamani za Osmani kama karatasi chakavu, zikanunuliwa Bulgaria zikasagwe kiwandani, watu wakashtuka, zikaokolewa, na leo ziko Maktaba ya Taifa ya Cyril na Methodius Sofia, idara ya mashariki. Ndo maana Sofia ni moja ya sehemu muhimu duniani za kusoma Uosmani, nje ya Istanbul. Maktaba hiyo hiyo ina vitabu vya makadhi wa Sofia, Vidin na Ruse: madeni, mirathi, ndoa, talaka, bei za vitu, na Wakristo nao wanaenda kwa kadhi, kwa hiari yao mara nyingi.

Madaftari ya kodi ya karne ya 15 na 16 yanaorodhesha kijiji kwa kijiji, jina la mwenye kaya na baba yake. Sasa mitego. Kaya inaitwa hane, na wengi wanazidisha kwa 5 kupata watu, sawa kwa makadirio, ila ni makadirio. Mtego mbaya zaidi: karne ya 17 kuna kodi ya avariz, na hane ya avariz SIO kaya, ni fungu la kodi lenye kaya kadhaa ndani. Tuseme (nabuni tu) kijiji kina hane 60 mwaka 1570 na hane 12 mwaka 1640, mtu anaruka kusema watu waliuawa au walikimbia au walisilimishwa wote, kumbe kilichobadilika ni kipimo. Makala kibao za hasira zimejengwa juu ya kosa hili.

Kuhusu kusilimu, angalia majina ya "bin Abdullah", kwenye madaftari haya mara nyingi ni Muislamu mpya ambae baba yake Mkristo hatajwi. Mara nyingi, sio mara zote, maana Abdullah wa kweli pia wapo. Wakiwa watatu kwenye kijiji cha watu mia usijenge nadharia.

Upande wa pili weka ripoti za mapadri wa Kikatoliki kwenda Roma karne ya 17, za kina Petar Bogdan, zinahesabu nyumba na makanisa kijiji kwa kijiji, na maandishi ya pembezoni mwa vitabu vya kanisa ambapo padri wa kijijini kaandika mistari miwili, tauni imekuja, baridi imeua ng'ombe, jeshi limepita. Haya ya pembezoni mi nayapenda kuliko yote kwasababu aliyeandika hakuwa anamwandikia mkubwa yeyote.

Hatua ya 8: Paisius na mwaka 1876

Mtawa Paisius wa Hilendar alimaliza historia yake ya Wabulgaria 1762, ikawa inanakiliwa kwa mkono kisirisiri toka nakala ya Kotel ya 1765. Usiitumie kujua habari za watawala wa kale kama Khan Krum, habari hizo alizipata kwenye vitabu vya waandishi wa Kikatoliki, kina Baronius na Orbini, vilivyotafsiriwa Kirusi. Itumie kujua Mbulgaria wa 1762 alikuwa na uchungu gani.

Maasi ya Wabulgaria dhidi ya Waosmani ya Aprili 1876 na mauaji yaliyofuata, hasa mji wa Batak, yana vyanzo vingi mpaka raha: ripoti ya Baring wa ubalozi wa Uingereza iliyokadiria waliokufa 12,000, ya Schuyler konseli wa Marekani 15,000, barua za MacGahan kwenye gazeti la Daily News, na kumbukumbu za Zahari Stoyanov aliyekuwa ndani ya maasi, ila alizichapa 1884 mpaka 1892. Soma ripoti za mwaka wenyewe kwanza, Stoyanov baadae. Na soma pia upande wa Waislamu waliokimbizwa na vita vya 1877-78, Waturuki wanaviita Vita vya 93 kwa mwaka 1293 wa kalenda yao ya serikali, maana bila wao picha ni nusu. Tarehe za Kibulgaria za kipindi hiki ni za kalenda ya zamani, ongeza siku 12: maasi Aprili 20 ni Mei 2. Bulgaria ilihama kalenda 1916. Tahajia nayo ilibadilishwa 1945, herufi zikapunguzwa, kwahiyo magazeti ya zamani ukiyatafuta kwa tahajia ya leo hayatokei.

Hatua ya 9: Mafaili ya karne ya 20

Idara ya Nyaraka ya Taifa imeskani vitu vingi. Mada moja ya kujipima nayo: mwaka 1943 Wayahudi kama 48,000 wa Bulgaria yenyewe hawakupelekwa kwenye kambi za mauaji za Wanazi, na Wayahudi 11,343 wa maeneo iliyokuwa inayatawala Makedonia, Thrake na Pirot walipelekwa wakauawa. Mwandishi anaekupa namba moja tu kati ya hizo, jua anauza nini. Mafaili ya usalama wa taifa ya kikomunisti yalifunguliwa kwa sheria ya Desemba 2006, humo kuna habari za Waturuki kulazimishwa kubadili majina 1984-85 na zaidi ya 300,000 kuondoka 1989. Faili la jasusi limeandikwa na mtu anaetaka bosi wake amuone anafanya kazi, lisome hivo hivo.

Kuna na wanafunzi wa Kiafrika waliosoma Sofia, walioandamana Februari 1963 na wengi wakaondoka. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesoma huko, barua na picha zake ni chanzo, zipige skani na umrekodi akiwa bado ana kumbukumbu.

Hatua ya 10: Feki

Utakutana nazo tu. Veda Slovena, nyimbo zilizochapwa na Verković 1874 na 1881 zikidai kumbukumbu za kale kabisa, wasomi wengi wanaziona zimetungwa. Simulizi ya Padri Metodi Draginov kuhusu kusilimishwa kwa nguvu kwa watu wa eneo la Chepino ilitokea 1870 bila mswada wa karne ya 17, lugha yake ni ya karne ya 19. Jagfar Tarihi ya Wabulgari wa Volga iliibuka miaka ya 1990, mswada wenyewe eti umepotea. Kwahiyo chanzo kipya kikikujia kimenoga kupita kiasi uliza maswali matatu kwa mpangilio huu: mswada uko maktaba gani na namba yake ngapi, nani asiyehusika ameuona, na kuna neno lolote ndani yake ambalo wakati huo lilikuwa halijazaliwa. La kwanza likikosa jibu huna haja ya kufika la tatu.